Kifungu cha 258 Hakikuandikwa kwa Ajili ya Mama wa Katuba

Mwanafunzi yeyote wa sheria hapa Lubumbashi, hata umwamshe usiku wa manane, atakusomea kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Kode Sivili, yaani sheria ya madai ya Kongo, bila kukwama: tendo lolote la mtu linalomletea mwenzake hasara linamlazimu mwenye kosa kuilipa hasara hiyo. Muulize kiliandikwa lini, wengi watajibu "wakati wa Wabelgiji". Muulize kiliandikwa kwa ajili ya nani, hapo atanyamaza. Swali hilo haliko kwenye silabusi, na kisichokuwa kwenye silabusi hakiulizwi kwenye mtihani.

Dekreti yenyewe, yaani amri yenye nguvu ya sheria, ni ya 30 Julai 1888. Mwaka huo Katanga ilikuwa bado chini ya mfalme Msiri, kule Bunkeya. Watu wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji, walimuua Desemba 1891, na mji wetu ulianzishwa 1910. Kwa hiyo sheria inayoamua leo nani alipe pikipiki iliyogongwa barabara ya Kasenga ilitolewa kwa jina la mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo, miaka mitatu kabla watu wake hawajaiteka sehemu hii ya nchi. Maneno yake yalinakiliwa kutoka Kode ya Napoleon ya 1804. Wanafunzi wangu wakisikia hivyo mara ya kwanza hucheka. Halafu hakosi mmoja wa kuuliza: "Sasa, Asistanti, mbona tunaisoma kama imeanguka toka mbinguni?"

Mimi ni avoka, yaani wakili. Asubuhi niko kwenye mahakama na kwenye ofisi za parke, za waendesha mashtaka, mchana narudi kwenye kabine yangu ya uwakili, na jioni kadhaa za juma ninasimamia mazoezi ya wanafunzi wa sheria kwenye kitivo kimoja cha hapa mjini ambacho sitakitaja. Kwa kazi hizi mbili ninawaona watu walewale mara mbili: kwanza wakiwa kwenye viti vya oditwari wakinakili, kisha miaka michache baadaye wakiwa mahakimu, makarani wa ardhi, wakuu wa utumishi kwenye kampuni za madini, makomisa wa polisi. Wanachokinakili ndicho wanachokuja kukitenda. Nikisikia watu wanataka kuondoa ubaguzi kwenye mahakama au kwenye kampuni kwa kupachika bango ukutani na kufanya semina ya siku mbili hotelini, yenye soda na posho, huwa nauliza hao wakubwa walisoma nini walipokuwa na miaka kumi na tisa.

Tuanze na kile ambacho hakisomwi. Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka kwa Leopold, ilitunga sheria ya 18 Oktoba 1908, ile Hati ya Koloni. Kifungu chake cha 4 kilitenga watu waziwazi. Wabelgiji, wageni, na Wakongo walioandikishwa kwenye daftari za dola walikuwa na haki zote za kiraia. Wakongo wengine wote, yaani karibu nchi nzima, walikuwa na haki ambazo sheria za koloni ziliwatambulia, pamoja na zile za mila zao, mradi mila hizo hazipingani na sheria wala na utulivu wa umma. Na anayeamua kwamba mila fulani inapingana na utulivu wa umma ni Mzungu. Sasa rudi kwenye kifungu cha 258. Mama wa kitongoji cha Albert, ambacho leo ni Kamalondo, akigongewa mtoto na gari la Mzungu, sheria ile nzuri ya Napoleon ilikuwa jirani tu, ng'ambo ya reli. Kati ya mtaa wa weusi na mji wa Wazungu kulikuwa na eneo tupu lililoachwa kwa makusudi, wakisema ni kwa ajili ya afya. Usiku huvuki bila karatasi.

Ukiendelea unakuta dekreti ya 16 Machi 1922 kuhusu mkataba wa kazi wa wenyeji: mfanyakazi mweusi akivunja mkataba, adhabu yake inaweza kuwa jela. Mzungu akivunja wa kwake, ni jambo la madai, wanazungumza fedha. Unakuta dekreti ya 15 Aprili 1926 iliyopanga mahakama za wenyeji pembeni ya zile za sheria iliyoandikwa. Unakuta fimbo, adhabu iliyopunguzwa kidogo kidogo na kufutwa kabisa 1959 tu, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Na unakuta ile karatasi ya sifa ya uraia ya 1948, halafu uandikishaji wa dekreti ya 17 Mei 1952, ambapo Mkongo aliyesoma aliomba atambuliwe kuwa amestaarabika, na tume ikaingia nyumbani kwake kuangalia jikoni, chumbani, hata chooni. Mababu wa baadhi ya wanafunzi wangu walipita kwenye tume hizo. Wajukuu hawajui. Wanajua tu kwamba babu alikuwa evoluwe, msomi aliyehesabiwa kustaarabika, na alikuwa na baiskeli.

Kuna sehemu ya mila, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu inaniuma zaidi. Kwenye kozi ya sheria ya mila wanafunzi hufundishwa kwamba hii angalau ni yetu, imetoka kwa mababu. Lakini fungua maandiko yanayotumika. Mengi yanatoka kwenye jarida la mahakama za wenyeji lililoanza kuchapishwa hapahapa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1933, na mtu aliyekuwa mbele katika kazi hiyo ni Antoine Sohier, aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu kwenye mahakama ya rufani ya mji huu. Sohier hakuwa mtu mwovu. Alikuwa kwenye tume ya kuwalinda wenyeji, na aliandika kwa heshima kuliko wenzake wengi. Hata hivyo ni yeye na maofisa wenzake waliochagua hukumu ipi ichapwe na ipi isahauliwe, nani aulizwe kuhusu ndoa za Waluba au urithi wa Wabemba, na mara nyingi aliyeulizwa alikuwa chifu aliyewekwa na dola, mwanaume, mzee, mwenye masilahi yake. Mila iliyokuwa ikibishaniwa barazani ikageuka kuwa kifungu. Halafu tunamfundisha binti wa miaka ishirini kwamba hiyo ndiyo sauti ya bibi yake.

Ninapowapa wanafunzi sheria yoyote, kabla ya kuichambua, nawataka wajibu maswali matatu kwenye karatasi: ilitoka mwaka gani, nani alikaa mezani, nani hakuitwa. Ni zoezi dogo tu. Linachukua robo saa. Lakini ukilifanya kwa Kode ya Adhabu (dekreti ya 30 Januari 1940), kwa utaratibu wa kesi za jinai (6 Agosti 1959), kwa utaratibu wa kesi za madai (7 Machi 1960, miezi minne tu kabla ya uhuru), karatasi inajaa jibu moja chini ya swali la tatu. Watu wanabadilishwa humo ndani, vifungu vinarekebishwa, ila nguzo ni zilezile.

Na kwa upande wa waalimu na mahakimu? Uhuru ulipofika 30 Juni 1960 hapakuwa na hakimu mmoja Mkongo kwenye mahakama za sheria iliyoandikwa. Chuo Kikuu Rasmi kilikuwa kimefunguliwa hapa Elisabethville tangu 1956, kile cha Lovanium, Léopoldville (Kinshasa ya leo), tangu 1954, lakini sheria ndilo somo ambalo koloni haikuwa na haraka nalo hata kidogo. Ilikuwa na haraka na wauguzi, makarani, mapadri, mafundi. Mtu aliyejua sheria angeuliza maswali. Marcel Lihau, Mkongo wa kwanza kusomea sheria chuo kikuu, alisomea Louvain, Ubelgiji, na mwaka 1968 akawa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu. Katikati hapo nchi iliendeshwa na mahakimu wa kukodi, Wahaiti wakiwa miongoni mwao, na Shule ya Taifa ya Sheria na Utawala iliyofunguliwa Léopoldville 1961 ikapika majaji kwa haraka. Kwa haraka, ndiyo. Na ukipika kwa haraka, unatumia unga ulioukuta ghalani.

Marekani walikuwa na kisa chao, na nakitumia kila mwaka kwa sababu kinaonyesha kazi inavyofanyika kwa uvumilivu. Charles Hamilton Houston, wakili mweusi, aliingia kwenye uongozi wa kitivo cha sheria cha Howard, Washington, mwaka 1929. Kilikuwa chuo cha weusi, na sheria ilisomwa jioni na watu wenye kazi zao za mchana. Houston akakifanya cha kutwa, akakaza masomo mpaka wanafunzi wakanung'unika, na mwaka 1931 kikatambuliwa rasmi. Hakuwafundisha hotuba. Aliwafundisha utaratibu: jinsi ya kuandika ombi, jinsi ya kutafuta ushahidi wa shule za weusi zisizo na madawati, jinsi ya kusoma katiba ileile iliyotumika kuwabagua mpaka iseme kitu kingine. Mwanafunzi wake mmoja, Thurgood Marshall, alimaliza 1933. Mwaka 1935, na tena kwenye rufani 1936, wawili hao walishinda kesi ya Maryland, kijana mweusi akaingia kwenye kitivo cha sheria kilichomkatalia. Angalia walikoanzia: walianza na vitivo vya sheria vyenyewe, kwa hesabu kwamba jaji yeyote, hata mbaguzi, anajua kitivo cha sheria ni nini na hawezi kudanganywa kwamba chumba kimoja chenye vitabu vichache ni sawa na chuo kizima. Kesi ya kitivo cha sheria cha Texas ikafuata 1950, na ile ya shule za watoto 1954, Mahakama Kuu ilipokataza kuzitenga kwa rangi. Houston hakuiona 1954, alifariki 1950.

Mwaka 2022 chama cha mawakili cha huko, kinachotambua vitivo vya sheria, kiliweka sharti kwamba kila mwanafunzi afundishwe kuhusu upendeleo na ubaguzi wa rangi. Lilikuwa jambo jema, ingawa sharti kama hilo ni rahisi kutimiza kwa saa mbili na karatasi ya kusaini. Namwamini Houston zaidi.

Sasa turudi nyumbani, maana kuna msomaji anayesema: Lubumbashi Wazungu wamebaki wangapi, ubaguzi wa rangi unatuhusu nini? Kwanza, nenda kampuni za madini uone mkataba wa mgeni na mkataba wa Mkongo wenye kazi ileile. Nimewahi kumtetea fundi umeme wa kampuni moja ambaye alimfundisha kazi kijana aliyeletwa kutoka nje, kisha kijana huyo akawa mkuu wake, mwenye mshahara mkubwa mara kadhaa, mwenye kula kwenye kantini ya peke yake. Kode ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 haina mafumbo: kifungu cha 86 kinasema kazi ikiwa sawa, ujuzi ukiwa sawa na matokeo yakiwa sawa, mshahara ni sawa, mtu awe ametoka wapi. Kifungu cha 62 kinakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya rangi au kabila. Mkuu wa utumishi wa kampuni ile ni Mkongo, alisoma sheria, tulisoma naye. Nilipomwekea kifungu cha 86 mezani alisema, akiniita kwa heshima ya mawakili, "Metre, hii tunaijua. Lakini ndivyo ilivyo." Kwenye darasa langu sasa kifungu cha 86 kinasomwa pamoja na tarehe 9 Desemba 1941, siku wafanyakazi weusi wa Union Minière, kampuni kubwa ya madini ya wakati wa koloni, waliogoma kwa ajili ya mshahara walipopigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa mji huu, Léonard Mpoyi akiwa miongoni mwa waliokufa. Wazungu wa kampuni hiyohiyo walikuwa na chama chao. Weusi waliruhusiwa vyama mwaka 1946 tu. Mtu akishajua hivyo, "ndivyo ilivyo" inamkwama kidogo kooni.

Pili, na hapa ndipo darasa huchemka, koloni haikuondoka na daftari zake. Ile kazi ya kuwapanga watu kwa asili, nani mwenyeji, nani mletwa, tuliendelea nayo wenyewe. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ikawapanga kambini na kuwaandika kabila. Mwaka 1992 na 1993, Likasi na Kolwezi, wajukuu wa wale wa Kasai walifukuzwa nyumbani mwao wakaitwa bilulu, wadudu, wakalala wiki na wiki kwenye stesheni wakisubiri treni. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuwa pande zote mbili. Wapo waliofukuzwa, na wapo waliobaki kwenye nyumba zilizoachwa.

Nchi ilikuwa na sheria wakati huo. Agizo lenye nguvu ya sheria namba 66-342 la 7 Juni 1966 linaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila: mtu akionyesha chuki ya rangi, ya kabila, au ya mkoa, kwa maneno, kwa ishara, kwa maandishi au kwa picha, kifungo ni mwezi mmoja hadi miaka miwili, na faini. Chuki ikileta fujo kubwa, adhabu inafika kifungo cha maisha. Mwaka huohuo Elisabethville ilipewa jina la Lubumbashi. Majina yalikuwa yakibadilishwa kwa bidii. Lakini nimekaa sana kwenye mahakama za mji huu, na sijawahi kusikia agizo hilo likisomwa dhidi ya mwanasiasa aliyekuwa akiita watu wadudu kwenye mkutano. Nimelisikia likitajwa kwenye ugomvi wa wapangaji.

Nikifika kwenye uraia, nafunga mlango wa oditwari. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 29 Juni 1981 ikarudi nyuma ikawanyang'anya, ikitaka kila mtu athibitishe babu yake alikuwa hapa 1885, mwaka ambao hakuna Mkongo wa kabila lolote mwenye karatasi yake. Sheria ya 12 Novemba 2004 na kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006 vikasema Mkongo wa asili ni wa makabila yaliyokuwa hapa wakati wa uhuru. Tangu Goma na Bukavu, kule Kivu, zichukuliwe na waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, mazungumzo haya yamekuwa kama moto. Kuna wanafunzi wenye ndugu waliokimbia kutoka Sake na Minova, na kuna wanafunzi ambao kila kizuizi cha barabarani polisi wanaangalia pua zao, wakitafuta Mnyarwanda, kabla ya kuangalia kitambulisho.

Mwaka mmoja kijana alisimama akasema, kwa sauti ya kutetemeka kabisa, "Asistanti, hapa hatuongelei sheria, tunaongelea adui." Mwingine nyuma akajibu, "Mimi niko adui ya nani? Mama yangu alizaliwa Kenya," yaani Kenya yetu, komine (mtaa mkubwa) ya hapa Lubumbashi. Sikuwatenganisha. Niliwaomba wote wawili wafungue kifungu cha 13 cha Katiba na kusoma kwa sauti, kwamba Mkongo hawezi kubaguliwa kwenye elimu na kazi za umma kwa sababu ya rangi, kabila, au kuwa wa jamii ndogo ya utamaduni au lugha, kisha waandike, kila mmoja kwa upande ambao si wake, ombi la kupeleka mahakamani. Wa kwanza aliandika ombi la mtu aliyekataliwa kazi kwa sababu ya pua. Aliandika vibaya, kwa hasira, vifungu vimechanganywa. Nikamrudishia. Akaandika tena. Hawajawa marafiki. Ila yule wa kwanza sasa ni stajeri, anajifunza kazi, kwenye parke, na juzi alinipigia simu kuuliza kama agizo la 1966 linaweza kutumika kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Nilimwambia maandishi yanasema "au kwa njia nyingine yoyote". Najua mkuu wake hatapenda.

Wenzangu wengine hawakubali. Profesa mmoja ninayemheshimu, mzee aliyenifundisha, alinambia, "Binti, ukiwafundisha kwamba kila sheria ni ya mkoloni, watakuja kuidharau sheria yote, na hapo utakuwa umewafundisha uasi." Hoja yake ina uzito. Nimeona wanafunzi wakitumia historia kama kisingizio cha kutosoma utaratibu, na avoka asiyejua utaratibu ni hatari kwa mteja wake kuliko sheria yenyewe. Ndiyo maana namtaja Houston. Lakini hofu ya mzee ingekuwa kweli, tungekuwa na nchi inayoheshimu sheria leo, maana miaka sitini tumefundisha bila historia.

Andiko linalonisaidia zaidi kumjibu ni hukumu mbili za Brussels. Wanawake watano, watoto wa mama Wakongo na baba Wazungu, waliozaliwa Kasai kati ya 1945 na 1950, walichukuliwa na dola la Ubelgiji kutoka kwa mama zao kabla ya kufika miaka saba, wakapelekwa misheni ya Katende, kwa sababu ya rangi yao tu. Walishtaki 2020. Mwaka 2021 mahakama ya kwanza ikawakatalia: wakati ule, ikasema, jambo hilo halikuwa likihesabiwa kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ikasema ndiyo, lilikuwa, na kila mmoja alipwe euro 50,000. Ukweli ni uleule, karatasi ni zilezile. Nawagawia wanafunzi hukumu zote mbili na kuwauliza ni kwenye ukurasa gani majaji waliachana njia. Darasa lote linakaa kimya likisoma, jambo ambalo mwalimu wa Lubumbashi mwenye wanafunzi mia kadhaa na kipaza sauti kibovu hapati mara nyingi. Wanagundua kwamba kulaani ukoloni hakukuhitajika. Majaji wa rufani walisoma kanuni za Nuremberg, zile zilizotumika kuwahukumu wakuu wa Wanazi, kwa makini zaidi.

Niseme kuhusu mahakama ya amani, ile ya ngazi ya chini kabisa. Napeleka wanafunzi wakakae nyuma, wasifanye chochote ila kuandika nani anasimama na nani anakaa. Mwakilishi wa kampuni ya kigeni, hata kama kesi si yake siku hiyo, anatafutiwa kiti. Mama wa soko anasimama. Hakimu anamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, weye uko na avoka?" na yeye anajibu, "Siko naye, papa prezida," halafu karani anaandika Kifaransa anachokijua yeye, na mama anatia kidole gumba chini ya maneno ambayo hakuyasikia. Hakimu huyo ni mtoto wa Katuba, komine nyingine ya hapa mjini. Hana chuki na mtu. Alifundishwa kwamba mahakama inafanana hivyo.

Katiba ile ile, kifungu cha 142, inaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku sitini tangu itiwe saini. Kikongo, Lingala, Kiswahili, Tshiluba. Siku sitini. Kifungu cha 45 kinasema ni wajibu wa dola kufundisha haki za binadamu, hata kwa askari na polisi. Basi tuliamua tusingoje. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walichukua kifungu cha kwanza cha agizo la 1966, vifungu vya 62 na 86 vya Kode ya Kazi, na kifungu cha 13 cha Katiba, wakaviweka kwenye Kiswahili cha hapa, kile cha basi na soko. Waligombana sana juu ya maneno, wakaandika upya, wakachapa kwenye ukurasa mmoja, wakaenda kugawa kwenye soko la Kenya, siku ya Jumamosi.

Walirudi wamenywea. Mama muuza samaki mmoja aliisoma karatasi yote, akaikunja, akawauliza: "Watoto yangu, hii ni muzuri. Sasa nikienda parke na hii karatasi, banaomba pesa ngapi ya kufungua dosie?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Miaka mitatu ya sheria, na hakuna anayejua gharama halali ya kufungua malalamiko, ipi ni ada ya kweli na ipi ni mfuko wa mtu. Mimi pia nililazimika kwenda kuuliza makarani watatu, na majibu hayakufanana.

Hiyo ndiyo kazi tunayofanya muhula huu. Makundi manne, kila moja na ofisi yake: parke, mahakama ya amani, ukaguzi wa kazi, ofisi ya ardhi. Wanaomba orodha ya ada iliyotiwa muhuri, wanaandika jina la cheo cha aliyewapa na siku waliyopewa, na ofisi isiyokuwa na orodha wanaiandikia barua yenye nakala kwa mkuu wake. Ofisi mbili zimeshajibu. Ukurasa wa pili wa ile karatasi utakuwa na ada hizo, na mama wa samaki ameshaagiza nakala za meza yote ya jirani zake.